Barua Iliyolala Kwenye Droo ya Vifungo

Atupele, binti yangu,

Wewe umeenda kanisani kuagana na kwaya, mama yako yuko saluni anamalizia kichwa cha mteja wa mwisho, na mimi nimefunga duka saa tisa alasiri, jambo ambalo halijawahi kuonekana barabara hii ya Yeoville, wala Johannesburg nzima. Yule kijana muuza simu wa mlango wa pili amechungulia akauliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, binti yangu anasafiri kesho kwenda Poland kusomea kuongoza okestra. Akafikiri kidogo, akasema, "Sharp, baba. Lakini kwani kule hawana viongozi wao?" Nikamfungia mlango.

Ninakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Najua ukikasirika unahamia Kizulu, ukinionea huruma unahamia Kiingereza, na Kiswahili unakitoa kabatini ukiwa na shida yako. Ukikwama kwenye neno, niulize mimi au mama yako, usiiulize simu. Kiswahili cha mama yako cha Lubumbashi na changu cha Tukuyu vimegombana nyumba moja miaka ishirini na mitano bila mshindi, na wewe ndiye mtoto wao.

Habari za soksi, za kula vizuri na za kutotembea peke yako gizani sitazigusa. Mama yako amezimaliza zote, tena mara mbili, na amekupakia masweta sita, unga wa muhogo na chupa ya pilipili aliyoizungushia gundi mpaka sijui utaifunguaje. Mimi nina jambo moja tu. Nilikukosea, ni miaka miwili sasa, na wewe hujui. Nitalisema humu humu bila kuzunguka sana, lakini niruhusu nianze na Mzee Bogumil, kwa sababu jambo lenyewe linamhusu, na kwa sababu wewe unamjua kwa rekodi zake, mimi namjua kwa mabega yake.

Ulikuwa na miaka sita. Yule dada mpiga selo, ile fidla kubwa, ambaye nilikuwa nikimrekebishia magauni ya kazini alinipigia simu asubuhi, amechanganyikiwa. Kiongozi mashuhuri kutoka Poland amekuja kuongoza okestra ya hapa Johannesburg kwa wiki moja, sanduku lake limepotelea safarini, onyesho ni keshokutwa, na duka la kukodisha suti halina koti la mtu mwenye mikono mirefu kiasi kile. Nikamwambia mlete. Nilitegemea mtu wa kunitisha. Badala yake akashuka kwenye gari mzee mwembamba, mrefu, amevaa fulana ya uwanja wa ndege yenye picha ya kifaru, akanisalimia kwa kuinama.

Nikampima kama nilivyofundishwa. Simama wima, mikono chini, angalia mbele. Kifua, mgongo, bega, urefu wa mkono. Nilishona siku nzima, nikaweka bitana ya hariri niliyokuwa nimeitunza kwa ajili ya bwana harusi fulani, nikaitengeneza ile mikia miwili ya nyuma ya koti la viongozi ikaanguka sawasawa. Mbele ya kioo mzee alionekana kama waziri. Jioni ile nilijisifu mpaka mama yako akaniambia, "Baba Atu, acha na siye tuseme kidogo."

Kesho yake akalivaa mazoezini. Yule dada wa selo alinisimulia huku anafuta machozi ya kicheko. Mzee alipoinua mikono ili muziki uanze, koti zima lilipanda naye. Kola ikamfika masikioni, mikia ikaruka juu ya makalio, na mikono ya koti ikakimbilia viwiko. Wapiga tarumbeta hawakuweza kupuliza kwa kucheka. Mazoezi yakasimama, Atu, na kisa ni baba yako.

Nilipoona gari limesimama nje ya duka nilitamani kuingia chini ya meza, lakini chini ya meza ulikuwepo wewe. Mzee akaingia, akalivua koti, akalilaza mezani kwa adabu kabisa. Akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "Fundi, umemshonea mtu anayepigwa picha. Mimi huwa nafanya kazi." Kisha akasimama kati ya cherehani na meza ya pasi, akainua mikono, akaanza kuongoza okestra ambayo haikuwepo, na mimi nikampima hivyo hivyo akiwa kazini, namfuata na tepu huku na huku.

Siku ile nilijifunza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Mtu hudhani ukikata kwapa pana ndipo mkono unakuwa huru. Sivyo. Kwapa likikatwa dogo na juu, karibu na mwili, mkono hupanda na koti hubaki mahali pake. Nilikuwa na miaka kumi na mitano kwenye ufundi, na nilikuwa sijui, kwa kuwa wateja wangu wote walikuwa wanakuja kupimwa wamesimama kama wako gwaride.

Hapo ndipo wewe ulipotoka chini ya meza na kipande changu cha chaki mkononi, ukasimama mbele yake, ukainua mikono na wewe. Mimi nilitaka kukufukuza. Mzee akanizuia kwa jicho. Akashusha mikono yake akakutazama, na wewe ukakaa vile vile, mikono juu, hujaipunga wala hujaishusha, mpaka duka lote likawa kimya. Ndipo ukaanza. Akaniambia, "Huyu anangoja kabla ya kuanza. Nina wanafunzi wakubwa hawajui hilo." Nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa.

Koti lile la pili, nililolishona usiku ule ule, alilivaa miaka na miaka. Kila alipoalikwa Johannesburg alikuja nalo, akalileta kwangu, akasimama pale pale akasimulia. Ndiyo maana naweza kukuambia maisha yake ya kazi bila kujua hata simfonia moja kwa jina lake. Mara ya kwanza bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto, nikajua ni mkono ule unaobeba kijiti cha kuongozea. Mara ya pili mgongo ulikuwa umepanuka, maana alikuwa kwenye kilele chake, leo Tokyo, kesho Toronto, keshokutwa Buenos Aires, halali usingizi, nikaachia mshono wa nyuma. Mara ya tatu tumbo kidogo. Mara ya nne mgongo ukaanza kupinda, nikaongeza nyuma nikapunguza mbele. Kuna watu wameandika vitabu juu yake, lakini sidhani kama wanalijua hilo la mgongo.

Alizaliwa mji mdogo wa wachimba makaa, na baba yake alipiga tarumbeta katika bendi ya wazima moto. Kumbe kule wazima moto wana bendi zao, kama sisi Tukuyu tulivyokuwa na matarumbeta ya kanisani. Yeye alianzia ngoma kubwa, kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa haina mwenyewe. Nilipomwambia na mimi nilipuliza tarumbeta lenye jeraha ubavuni lililokuwa likitoa sauti mbili kwa mpigo, alifurahi kupita kiasi. Tukapuliza kwa midomo mitupu, yeye wimbo wa wazima moto, mimi wimbo wa mazishi, na mteja aliyekuwa anangoja suruali yake akaondoka.

Alishindwa mtihani wa kwanza wa kuingia chuo cha muziki. Alipokubaliwa na kumaliza, alikaa miaka tisa kama msaidizi wa kiongozi mwingine, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa viti vya nyuma ukumbini na kusema kama matarumbeta yanazifunika fidla. Siku yule mkubwa alipougua ghafla, wakamwita yeye, saa tatu kabla ya onyesho. Alipanda jukwaani akiwa na hofu, na muziki wa dakika arobaini akaumaliza kwa dakika thelathini na mbili. "Watu waliwahi tramu ya kurudi nyumbani," aliniambia, "ndiyo maana walinipenda."

Lakini kuna hadithi moja alinisimulia nikiwa na pini mdomoni, sikuweza kumjibu, na nadhani alichagua wakati ule makusudi. Alipokwisha kupata jina, siku moja mazoezini alimfokea mzee mmoja mpiga zumari mbele ya watu wote. Kosa lenyewe lilikuwa la kwake yeye, alikuwa amewapa ishara mapema. Mzee yule akafuta zumari lake, akaliweka kwenye kisanduku, akaenda nyumbani. Bogumil akamfuata jioni, mlango haukufunguliwa. Akaenda kesho yake, haukufunguliwa. Siku ya tatu mke wa mzee akamfungulia, akamkalisha jikoni, akampa supu ya viazisukari vyekundu, na mzee akatoka chumbani akasema, "Ulikuwa mapema." Akajibu, "Nilikuwa mapema." Basi, wakala. Mpiga zumari yule akabaki naye miaka kumi na saba.

Sasa nifike kwenye kwaya, ndiko mimi mwenyewe nilikoanza kuharibika.

Nilikukabidhi kwaya yetu, niliyokuwa nikiiongoza mwenyewe, ukiwa na miaka kumi na tisa. Kanisa lote lilinisifu kwa moyo wangu mkubwa. Nilitabasamu, nikakaa mstari wa besi, nikaanza kuhesabu makosa yako. Jumapili ya kwanza nilipata mawili. Jumapili ya nne nilipata moja, na likawa ni langu. Wale akina mama wa Bukavu ambao mimi nilikuwa nawabembeleza mwezi mzima waje kwa wakati, kwako walikuwa wanafika mapema na kukaa kimya wakikutazama mikono. Nilijivuna, kweli nilijivuna, nisingependa ufikiri vinginevyo. Lakini nilikuwa pia na kitu kingine, na sikutaka kukiita kwa jina.

Miaka miwili iliyopita Mzee Bogumil akaja kwa mara ya mwisho, maana alishasema anaacha kusafiri ili afundishe vijana tu. Nikamkaribisha kanisani. Unakumbuka walivyombebesha mtoto wa mtu, naye akakaa naye ibada nzima? Aliwasikiliza mpaka mwisho. Akakushika mkono, akainama, akakimbizwa uwanja wa ndege. Hakusema neno, nawe ukaningoja mimi niseme kitu, nikasema tu robot, zile taa za magari za pale kona, zimeharibika, tuvuke kwa uangalifu.

Wiki sita baadaye ikaja barua kutoka kwake. Ililetwa dukani, kwa kuwa anwani ya duka ndiyo aliyoijua. Ilikuwa yako, jina lako liko juu ya bahasha, na mimi niliifungua. Alikuwa anakualika Poland miezi mitatu, katika darasa lake la viongozi chipukizi, na okestra ndogo ya kufanyia kazi kila siku, nauli na malazi juu yao. Aliomba jibu ndani ya mwezi mmoja.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikavuta droo ya vifungo, nikainua visanduku vyote, nikaiweka chini kabisa.

Nilijipa sababu. Nilisema unamaliza mwaka wako wa mwisho chuoni. Nilisema kule ni baridi, mzee mwenyewe kachoka, kwaya itabaki na nani. Hizo ni sababu za kumwambia mchungaji. Ukweli ni kwamba niliona wivu, mwanangu. Nilipokuwa kijana, mwalimu wetu wa matarumbeta alitaka nipelekwe kusomea muziki, na babu yako akanipeleka kwa fundi cherehani Mbeya. Sikuwahi kumlaumu. Nimeipenda kazi yangu, imetulisha, na hata sasa naipenda. Lakini kumbe kuna pembe moja ndani yangu ilikuwa bado imekaa inangojea lile basi la kwenda chuoni, na barua yako ilipokuja, pembe ile ikasema: na yeye angoje kidogo.

Nawe ukangoja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Jioni moja tunakula, ukaniambia, "Eish, Baba, yule mzee alikaa mpaka mwisho, hakusema kitu hata kimoja. Si angesema tu kama siwezi." Mimi nilikuwa nalijua jibu. Lilikuwa dukani, chini ya vifungo vya makoti ya kike. Nikakuongezea mboga.

Ukaiacha kwaya miezi mitano. Ukafanya kazi ya kuuza mapazia kule mall, unarudi umechoka, unapika bila kuimba. Watu waliniuliza una nini, nikawaambia ujana. Ningeweza kuimaliza huzuni yako kwa kunyoosha mkono na kuvuta droo, Atu, na sikufanya hivyo. Mwezi ule wa kujibu ulipopita ndipo ikawa vigumu zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na makosa mawili ya kueleza. Nisamehe. Nimeandika neno hilo hapa katikati ili usidhani nalingojea mwisho kama mapambo.

Kisha ukanishangaza. Uliwaomba akina mama warudi mazoezini, ukaiegemeza simu yako kwenye kinanda, ukajirekodi unaongoza, ukatuma mwenyewe kwenye chuo cha kule Poland bila kumwambia mtu, na mimi nilikuja kujua ukiwa umeshakubaliwa. Ulicheza jikoni na mama yako mpaka jirani wa chini akagonga dari, na mimi nikacheza pia, vibaya kama kawaida yangu. Kwa hiyo lijue na hili: hakuna aliyekushika mkono. Umeingia kwa mlango wa mbele, umegonga mwenyewe. Sisemi hivyo ili kosa langu lipungue. Nasema kwa sababu ukifika kule na kukuta watoto waliozaliwa wakakuta piano sebuleni, nataka ukumbuke kwamba wewe ulipita mlango ambao baba yako alikuwa ameuegemea.

Alhamisi iliyopita mama yako alikuja dukani kutafuta kifungo cha koti lako. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikasikia amevuta droo ya vifungo, anainua visanduku vyote.

"Baba Atu, hii barua iko ya nani?"

Nikamwambia. Akaweka mkono kiunoni. Nilidhani atalia, au atanipiga na rula.

"Miaka mbili weye unaona mutoto anabeba mapazia, na unanyamaza?"

"Ndiyo."

"Sasa sikia. Utamwambia weye, ao nitamwambia miye. Na miye nikimwambia, nitaongeza na pilipili."

Tangu siku hiyo amekuwa ananiamkia kama mgeni. Amenipa mpaka kesho. Na hata asingenipa, Mzee Bogumil anafundisha chuoni kwako siku moja kila wiki. Atakuona wiki ya kwanza, atafurahi, na atakuuliza kwa nini hukumjibu. Sikutaka ulisikie hilo kutoka mdomoni mwa mtu mwingine, umesimama kwenye korido ya ugenini, hujui pa kuweka uso.

Sina mafundisho mengi ya kukupa kuhusu kazi yako, kwa sababu siijui. Nitakuambia tu nilichokiona kwa watu wawili. Mzee Bogumil alikosea kwa kupiga kelele, mimi nilikosea kwa kunyamaza, na sijui lipi ni baya zaidi. Lakini yeye alikwenda kugonga mlango jioni ile ile. Mimi nimechukua miaka miwili, tena kwa kusukumwa na mwanamke aliyekuwa anatafuta kifungo. Utakosea mbele ya watu themanini, wote wanakutazama, na kuna siku utatamani liwe kosa la mpiga zumari. Siku hiyo usichukue muda niliouchukua mimi. Mambo mengine yote ya kuongoza watu, nadhani unayajua kuliko mimi tangu ulipokuwa unasimama na chaki.

Na kuwa na furaha kule. Ucheke. Watu hawa wa Poland kama wote wako kama yeye, wana sura za msiba na vichekesho vingi ndani. Ukiwazoea watakupenda, na ukiwapikia watakuoa.

Mwanzo nilipanga kuificha barua hii sandukuni, katikati ya masweta. Ungeikuta Poland, baada ya safari ya siku nzima, na mimi ningekuwa hapa na cherehani linapiga kelele, siwezi kuona uso wako. Nimekaa nikatambua kwamba huo ungekuwa mchezo ule ule, nimebadilisha droo tu. Kwa hiyo nimeamua nitakupa mkononi kesho asubuhi, mezani, pamoja na ile yako. Ndege ni ya jioni. Tuna siku nzima.

Kama umefika hapa, basi niko kiti cha mbele yako. Mama yako anajifanya anaosha vyombo. Redio nimeizima. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani wa hapa nyumbani Berea wamezoea makubwa zaidi. Ukitaka kuniuliza, uliza kwa lugha yoyote. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, ila nyamaza hapa, nikuone.

Bahasha iliyo karibu na mkono wako ni ya Mzee Bogumil. Naijua kwa moyo, lakini sitakusomea, imeshasomwa vya kutosha na mtu asiyehusika. Nitakuambia tu jinsi inavyoanza, kwa sababu nimekunyima hilo miaka miwili na siwezi kukunyima dakika nyingine. Hakuandika "binti", wala "mwanafunzi". Alikuona mara moja tu ukiongoza akina mama wa Yeoville, akarudi kwao, akachukua kalamu, akakuandikia: "Mwenzangu mpendwa."

Fungua, Atu.

Baba yako